Mashine Iliyokula Banda la Gari

"Nimesema itoke!"

"Na mimi nimesema haitoki!"

"Itatoka, Vagn! Kama haitoki kwa miguu yake, itatoka kwa trela la Ove."

"Miguu inayo minne, Ragnhild, na yote nimeifunga sakafuni kwa bolti."

"Basi itatoka na sakafu yake!"

Walikuwa wamesimama ndani ya banda la gari, mume upande huu wa mashine, mke upande ule, na mvuke unawatoka midomoni kama farasi wawili waliopanda mlima. Ragnhild bado alikuwa ameshika kile kikwangulio chake cha plastiki. Asubuhi hiyo ya Jumatatu, kama asubuhi zote za baridi kwa miaka mitatu sasa, alikuwa amekwangua barafu kwenye vioo mpaka vidole vikawa vigumu kama karoti, kwa sababu gari lilikuwa linalala nje na mashine ndiyo inayolala ndani. Tena inafunikwa blanketi.

"Nje kuna baridi ya kumgandisha sungura miguu ikiwa hewani," alisema Ragnhild, "na wewe blanketi umekipa chuma."

"Chuma kinaingia kutu."

"Na mimi je? Mimi naingia nini?"

Vagn akalifikiria swali hilo, na hapo ndipo alipokosea. Yapo maswali ya mke ambayo mume akiyafikiria tu, ameshayajibu.

"Haya!" Ragnhild akagonga mashine kwa kile kikwangulio, kong'o. "Alhamisi jioni mtaa mzima unakuja humu kufunga upinde wa Jytte na Flemming wa Jumamosi. Ni zamu yetu. Watakaa wapi? Juu ya hili jeneza lako?"

Hapo Ragnhild alikuwa na hoja. Huku kwao kando ya ghuba ya Limfjorden, watu wakitimiza miaka hamsini ya ndoa hawaachwi walale. Majirani hufunga upinde wa matawi ya msonobari, wakauzungushia mlango wa mbele wa maharusi kabla hakujapambazuka, na juu yake wakatundika kibao cha majina na namba. Kisha husimama nje wakaimba mpaka maharusi watoke na nguo za kulalia, wapigwe na mshangao, na kuwakaribisha wote kwa kahawa, mikate ya moto na kile kinywaji kichungu ambacho siku hiyo hunywewa asubuhi bila aibu. Maharusi hawatakiwi kujua lolote. Wanajua, bila shaka. Hata paka wao anajua. Jytte alikuwa ameshaagiza mikate, na Flemming amenunua pajama mpya akaifua mara mbili isionekane mpya. Lakini kujua ni jambo moja, na kumwonyesha mtu kwamba unajua ni utovu wa adabu.

Upinde wenyewe hufungwa ndani ya banda la gari la jirani, kwa zamu, watu wakikaa duara na waya na chupa. Na katikati ya banda la Vagn, mahali pa duara, palikuwa na mashine ndefu kama kitanda cha mtu na nusu, yenye reli, mota, nyaya za rangi zote na kitufe chekundu kikubwa kama nyanya.

"Mashine itakuwa na kazi Alhamisi," alisema Vagn. "Itachonga kibao."

"Itachonga kibao!" Ragnhild akacheka kicheko kisicho na furaha. "Miaka mitatu haijachonga hata siagi."

"Kibao nachonga mimi." Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya Ove, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanaume mrefu aliyejikunja kidogo kama msumari uliopigwa vibaya. "Samahani, nimewasikia mpaka jikoni kwangu, nikasema nisipowahi nitakosa mwanzo."

Ove ndiye aliyekuwa akikata vibao vya mtaa mzima kwa msumeno wake mdogo wa umeme, tangu mlango wake mwenyewe ulipofungiwa upinde. Alikata kwa moyo safi na mkono unaotetemeka. Tano zake zilifanana na bata aliyemeza chura, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Safari hii pumzika, Ove," alisema Vagn. "Mashine yangu itakata herufi ambazo hata mfalme angezitundika."

"Herufi za mashine hazina roho, bwana."

"Afadhali zikose roho kuliko zikose shingo."

Ove akamtazama Ragnhild. Ragnhild akatazama dari. Kwa hiyo mtaa ulikuwa umesema, ila nyuma ya mgongo.

"Sikiliza, Vagn," akasema Ragnhild polepole, na sauti yake ya polepole ndiyo mbaya. "Ove ni shahidi. Alhamisi watu wakiingia humu, kibao kiwe mezani, kizima, kinasomeka, kimekatwa na hii mashine. Kikiwepo, mashine inabaki na mimi nitakwangua barafu mpaka kaburini bila kunung'unika. Kisipokuwepo, inapanda trela inakwenda jalala la vyuma Ijumaa asubuhi, na wewe ndiye utakayeisukuma."

"Trela langu lipo tupu," akasema Ove kwa upole wa jirani mwema.

Vagn akainua blanketi akaifunika mashine vizuri begani, kana kwamba hataki isikie.

"Nimekubali," akasema.

*

Vagn alizaliwa na vidole visivyotulia. Alipokuwa hajafika hata umri wa shule alifungua mashine ya mama yake ya kutenganisha krimu na maziwa, akaitandaza yote juu ya nyasi, akairudisha yote, ikabaki skrubu moja. Mashine ikaendelea kuzunguka vizuri kuliko mwanzo. Wazee wa shamba lile walisema siku hiyo maziwa yaliingia upande mmoja na upande wa pili ikatoka siagi, na chumvi imo. Mama yake hakumpiga. Aliiweka ile skrubu kwenye kikombe kabatini akasema, "Itunze. Iko siku itaulizwa." Na Vagn akaitunza, akaoa nayo, akahama nayo.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa kiwanda cha maziwa. Bomba likivuja alilisikia kabla halijalowa. Mashine ya kujaza chupa ikikohoa, alikuwa anaweka sikio ubavuni mwake kama daktari, anasema "sema aah", na wenzake wanaapa kwamba ilikuwa inasema. Kisha kiwanda kikafungwa, maziwa yakaanza kwenda mji mwingine, na Vagn akapewa saa ya ukutani na ua kwenye chungu. Ua lilidumu. Saa aliifungua wiki ile ile.

Basi akakaa nyumbani. Alizipaka mafuta bawaba zote mpaka milango ikaacha kusema nani anakuja, na Ragnhild akawa anashtuka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipanga vijiko upya kwa uzito. Siku alipoanza kuipima miguu ya viti vya kulia kwa rula, mkewe alimshika mabega, akamgeuza, akamwonyesha mlango.

"Nenda bandani, Vagn. Kajenge chochote."

Neno hilo, chochote, Vagn alilipokea kama mtu anavyopokea hati ya shamba.

Alikuwa ameona kwenye kompyuta mzee mmoja wa ng'ambo, mwenye ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia, akionyesha mashine aliyoijenga mwenyewe nyumbani. Unaichorea ua kwenye kompyuta, nayo inachukua jino lake la kukatia, inakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na ua linatokea kwenye ubao huku wewe unakunywa kahawa. Lugha ya yule mzee Vagn haijui hata neno moja. Lakini mikono yake aliielewa yote.

Fremu ya kwanza aliijenga kwa mbao. Ghuba ikapumua unyevu, mbao zikavimba, mashine ikawa mshazari kama mtu anayetoka harusini. Akaibomoa. Fremu ya pili alitumia alumini ya madirisha ya duka la viatu lililofungwa, akapima pembe kwa pembe mpaka tofauti ikawa nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Mota alizitoa kwenye mashine kuukuu za kutolea nakala ambazo ofisi moja ilizitupa. Kitufe chekundu cha kusimamishia kilikuwa cha kiwandani, kutoka kwenye mstari wa chupa, usiulize kilitokaje. Bomba la kunyonya vumbi lilikuwa la mashine ya Ragnhild ya kusafishia zulia, nalo pia usiulize. Na zile skrubu ndefu za kusukuma kichwa cha mashine huku na huku zilikuja kwa posta, ndani ya boksi jembamba refu, siku ambayo Ragnhild ndiye aliyefungua mlango.

"Nini hiki?"

"Vyuma vya mapazia," alisema Vagn.

Ragnhild alifurahi sana. Bado alikuwa anayasubiri mapazia.

*

Jumanne Vagn alibana kipande cha plaiwudi juu ya meza ya mashine, akawasha kompyuta, akavuta pumzi, akabonyeza. Mashine ikalia. Kuku wa upande wa pili wa ghuba waliacha kutaga, na kasisi akafunga dirisha. Lakini ilikwenda! Kichwa kiliteleza kwenye reli kama mtu anayejua anakokwenda, jino likazama kwenye ubao, maranda yakaruka, na Vagn akasimama pale mikono kifuani kama baba kwenye mahafali ya shule.

Alipopuliza vumbi, aliona kibao kizuri sana, chenye herufi nzuri sana, zote zimegeuka nyuma mbele.

Ove, ambaye siku hizo alikuwa anapita kila saa kuazima kitu, aliinamisha kichwa, akakisoma kwa shida kutoka kulia.

"Si neno," akasema. "Jumamosi tutampa kila mgeni kioo."

"Ni nyaya mbili tu, Ove. Mota inakwenda kinyume. Nazibadilisha."

"Badilisha, badilisha. Mimi nilikuja kuazima bomba la kujazia upepo."

"La nini?"

"Tairi za trela."

Jumatano nyaya zilikuwa zimebadilishwa na herufi zilitazama zinakotakiwa. J ikatoka safi. Y ikatoka safi. Kwenye T ya kwanza, mshikio wa jino ukalegea, jino likaanza kushuka polepole, na kadiri mashine ilivyokata ndivyo lilivyozidi kuzama. Lilitoboa ubao, likatoboa meza, na lilikuwa njiani kuelekea Australia Vagn alipolirukia lile nyanya jekundu kwa kiganja.

Mashine ikazima.

Kilichokosekana kilikuwa skrubu moja ya kukaza mshikio. Ya awali ilikuwa imekwisha meno. Vagn akamwaga makopo yake yote. Skrubu za kiwanda, za baiskeli, za vitanda, za mlango wa kanisa. Moja nyembamba, nyingine nene, nyingine fupi. Mwishowe alikwenda kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, akatoa ile ya mama yake. Ikaingia. Ikakaza mpaka mwisho, laini, kana kwamba ilikuwa imekaa miaka sitini ikisubiri kuitwa jina.

"Imeulizwa, mama," akasema Vagn peke yake mle bandani, akafuta pua kwa mkono wa koti.

Lakini plaiwudi ya mwisho ilikuwa imetobolewa, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Ragnhild aliondoka na gari, na trela la Ove nyuma yake, na Ove mwenyewe pembeni, kwenda msituni kuchukua matawi. Duka la mbao liko mbali kwa miguu, na baiskeli ya Vagn ilikuwa haina mnyororo, maana mnyororo ulikuwa ndani ya mashine.

Akazunguka banda. Akapima mlango wa chumba cha zana kwa macho. Ulikuwa mwembamba mno. Akautazama ubao wa kukatia mkate, mdogo mno. Kisha, kama macho ya mwizi yanavyopanda bila kutumwa, macho yake yakapanda juu kwenye boriti. Kule juu kulikuwa na kitu kipana, bapa, kimefungwa shuka kuukuu na kamba.

Alijua ni nini? Alijua kama paka anavyojua samaki ni wa nani. Ulikuwa ubao wa kati wa meza ya mama yake Ragnhild, ule unaochomekwa meza inaporefushwa kwa ajili ya wageni. Mwaloni mtupu, mkavu kama hotuba ya mtoza ushuru, umenyooka kuliko kitu chochote alichowahi kukiwekea rula. Meza yenyewe ilikuwa sebuleni, fupi, na tangu watoto waondoke haijarefushwa. Hakuna aliyeuulizia.

"Nautazama tu," Vagn akaiambia mashine, na akapanda ngazi.

Basi aliutazama chini. Akautazama mezani. Akautazama ukiwa umebanwa kwa vibano vinne, upande wake wa juu ukiwa juu, na akaanza kuona kwamba mtu akishautazama kitu mpaka hapo, kilichobaki ni kubonyeza.

Akabonyeza.

Jamani, plaiwudi ni plaiwudi, lakini mwaloni ni mwaloni. Mashine haikulia tena. Iliguna tu, kama ng'ombe aliyekamuliwa na mkono unaomjua. Jino likapita na kurudi, na banda likanuka kahawa ya Jumapili zote za tangu zamani. Jytte ikatoka. Flemming ikatoka. Ikatoka 50, tano yake imesimama wima kifua mbele kama askari wa jumba la mfalme, na kuzunguka vyote shada la majani, kila jani na mshipa wake. Mwishowe jino likazunguka pande zote likakata umbo la kibao, mviringo, safi, na pembeni kikabaki kiunzi cha mwaloni chenye zile pini za kuchomekea meza. Kiunzi hicho Vagn alikiona kuwa kinaongea sana. Akakitia nyuma ya makopo ya rangi.

Alikuwa anapiga msasa wa mwisho taa za gari zilipopiga dirishani.

*

Waliingia wote kwa pamoja, na buti za matope, kofia za sufu na harufu ya msituni. Mtaa mzima, ukiondoa nyumba ya njano ya maharusi ng'ambo ya barabara, ambayo ilikuwa imezima taa zote za mbele ili ionekane haioni. Matawi yakarundikwa kuizunguka mashine. Chupa zikatoka mifukoni. Wa upande wa mashariki wa mtaa wakaanza kufunga mguu wa kushoto wa upinde na wa magharibi wa kulia, kama ilivyo desturi, ili kila upande upate wa kumsema.

"Haya," akasema Ragnhild, mikono kiunoni, majani ya msonobari kwenye nywele. "Kibao."

"Trela lipo mlangoni," akaongeza Ove. "Sijalizima hata taa."

Vagn akavuta shuka.

Mikasi ya kukatia waya ikasimama. Mtu akaacha kumeza kilichokuwa mdomoni. Ove akasogea karibu, akavaa miwani, akainama. Akapitisha kidole gumba juu ya ile tano, kuanzia kichwani, akashuka shingoni, akazunguka tumboni polepole sana, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliyeko mbali. Mtaa ukasubiri. Aliyekuwa na miaka mingi ya vibao mikononi ndiye mwenye haki ya kusema.

"Siyo mbaya sana," akasema Ove.

Upande huo wa nchi mtu anaweza kuishi na kufa bila kuambiwa hivyo. Kuna bwana mmoja aliambiwa siku moja kuhusu ghala lake, akaugua wiki nzima kwa furaha. Vagn akainua kofia yake kidogo.

"Asante, Ove."

"Sijasema nzuri."

"Nimesikia ulichosema."

Ragnhild akasogea naye. Alikitazama kibao, akamtazama mumewe na vumbi la mbao kwenye nyusi zake, akakitazama kibao tena. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni, pale ulipokuwa unachezea zamani alipokuwa msichana wa ofisi ya kiwanda na Vagn anajifanya kila siku kwamba kuna bomba linavuja chini ya dawati lake.

"Neno langu ni neno," akasema. "Inabaki."

Basi hapo palikuwa na shangwe! Mtu alimimina, mtu akamwagikiwa, Ove mwenyewe akaenda kuzima taa za trela. Vagn aliibusu mashine kwenye mota, ikamwachia doa jeusi la grisi midomoni, na Ragnhild akacheka mpaka ikabidi akae juu ya rundo la matawi. Ove akarudi na ndoano mbili za kutundikia.

"Nipe hicho kibao nikakifunge ndoano nyuma," akasema. "Angalau na mimi niwe nimetia mkono."

"Ngoja, nitafanya mimi," akasema Vagn upesi. Upesi mno.

Lakini Ove alikuwa ameshakigeuza. Akakileta karibu na taa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Vagn," akasema. "Mbona huku nyuma kuna farasi?"

"Farasi gani?" Ragnhild akaweka gilasi yake chini.

"Kachorwa kwa penseli. Ana miguu mitano."

"Mmoja ni mkia," akasema Ragnhild, na akasimama polepole kutoka kwenye matawi. "Mmoja ni mkia, Ove, kwa sababu nilikuwa na miaka mitano, na nilikuwa nimejificha chini ya meza ya mama yangu wageni wanakunywa kahawa. Vagn!"

"Ragnhild wangu..."

"Usiniwangu! Umechonga meza ya mama yangu!"

"Siyo meza. Ubao wa kati tu. Meza ipo, nzima, haijaguswa."

"Kwanza ulikula banda. Ukala bomba langu la zulia, unadhani sijui? Nikangoja mapazia mpaka macho yakaota magamba. Sasa umefika kwa mama, na yeye yuko kaburini hawezi hata kukukimbiza na mwiko! Ove, washa taa za trela!"

"Nimezizima sasa hivi," akasema Ove.

"Ziwashe! Na uache nafasi, kuna mzigo wa pili, una kofia ya sufu!"

"Neno lako ni neno!" Vagn akapaza sauti. "Kibao kipo! Kizima! Kinasomeka! Ulisema mbao za wapi? Hukusema!"

"Alisema?" mtaa ukaulizana. "Hakusema." "Alisema mashine tu." "Lakini meza ya mama, jamani." Wa mashariki wakawa upande wa mume na wa magharibi upande wa mke, na mguu mmoja wa upinde ukaanza kulegea kwa kukosa mshikaji.

"Na isitoshe," akasema Vagn, maana alishaona nusu ya banda iko naye, na mtu akishaona nusu hutaka yote, "ubao ule umekaa juu ya boriti unakula vumbi tangu watoto wetu waondoke. Nani kauulizia? Sasa hivi umepata kazi ya heshima, utakaa juu ya mlango wa watu waliopendana miaka hamsini. Mama yako angefurahi. Ungebaki kule juu ungemfaa nani?"

"Ungemfaa mtu!"

"Nani?"

"Mtu yeyote!"

"Mtaje! Nitajie mtu mmoja tu, Ragnhild, mmoja, katika mtaa huu wote, anayeuhitaji ubao ule. Ukimpata, mashine naisukuma kwenye trela mwenyewe, kwa mikono hii, sasa hivi, huku naimba!"

"Mashahidi mpo?" akauliza Ragnhild.

"Tupo," wakasema mashariki na magharibi.

Ragnhild akafungua mdomo. Akaangaza huku na huku, uso hadi uso. Kila mmoja akatazama buti zake. Kila mmoja alikuwa na meza yake na ubao wake. Vagn akaanza kutabasamu na ile grisi yake midomoni.

Mlango mdogo wa pembeni ulikuwa mmoja wa ile aliyoipaka mafuta bawaba. Haukutoa sauti hata kidogo.

"Hodi humu," ilisema sauti. "Samahani jamani, nimegonga kule mbele hamkusikia."

Alikuwa Jytte, bibi harusi wa miaka hamsini, na ndara za manyoya miguuni na koti la mumewe juu ya nguo za nyumbani. Alikuwa amekaza macho kwenye taa ya dari, kwa adabu kubwa, kama mtu aliyeingia chumba ambacho wenyewe wanaoga, na hakuona matawi yaliyomfika magotini, wala upinde, wala watu wote wa mtaa wake waliosimama mle na waya mikononi.

Ove akakipachika kibao chini ya koti lake, na koti likatokeza mviringo mbele kama la mjamzito. Na Ragnhild, kabla mtu hajapumua, alikuwa ameshavuta lile blanketi, amekiparamia kile kitanda cha chuma kwa tumbo, ameikumbatia mashine ya mumewe kwa mikono miwili na kulifunika kwa kifua chake jino lililobaki limeshikwa na unga wa mwaloni.

"Sikai," akasema Jytte kwa dari. "Wala sina wageni Jumamosi, msije mkadhani. Nina nguo nyingi za kukunja, basi, nataka meza ndefu. Nikakumbuka, Ragnhild, ule ubao wa kati wa meza ya mama yako. Si bado mnao?"